Kipimo Kipi cha H. pylori: Damu, Choo, Pumzi au Kinyama?

Mama mmoja wa makamo alifungua mkoba wake kwenye dirisha la maabara nilipokuwa zamu, akanipangia karatasi nne za majibu, kila moja imekunjwa mara mbili na kuandikwa tarehe kwa kalamu ya wino. Zote nne zilikuwa za kipimo cha damu cha H. pylori, bakteria anayeishi tumboni na anayeweza kuleta vidonda na saratani, zote nne zilisema chanya, na baina ya karatasi moja na nyingine palikuwa na dozi ya wiki mbili aliyoimeza hadi kidonge cha mwisho. Aliuliza jambo moja tu: mbona mdudu huyu hafi? Inawezekana kabisa kwamba alikufa tangu dozi ya kwanza, na kilichobaki katika damu ya mama yule kilikuwa kumbukumbu ya vita vilivyokwisha. Lakini hapakuwa na karatasi hata moja kati ya zile nne ambayo ingeweza kumwambia hivyo, kwa kuwa kipimo alichofanyiwa hakijibu swali alilokuwa nalo.

Mtu anayetaka kuchagua kipimo cha H. pylori anapaswa kwanza kutenganisha maswali mawili ambayo huchanganywa kila siku. La kwanza ni je, bakteria yumo tumboni sasa hivi? La pili ni je, ameshaufanya nini ukuta wa tumbo kwa miaka yote aliyokaa humo? Kipimo cha damu hakilijibu kwa uhakika hata lile la kwanza. Kipimo cha choo na cha pumzi hulijibu vizuri sana, lakini havina la kusema juu ya la pili. Na kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni pamoja na kinyama, yaani kipande kidogo kinachochunwa kwenye ukuta wa tumbo, ndicho pekee kinachojibu yote mawili, tena kwa sharti kwamba kinyama kimechukuliwa mahali panapostahili.

Kiswahili chetu cha mtaani nacho hakisaidii hapa, maana tumelitwisha neno «vidonda vya tumbo» mzigo usiowezekana. Kiungulia ni vidonda vya tumbo, gesi ni vidonda vya tumbo, maumivu ya chembe ya moyo ni vidonda vya tumbo, na karatasi ya H. pylori ikisema chanya, basi hivyo vidonda vimethibitishwa. Ukweli ni kwamba wengi wenye bakteria huyu hawana kidonda chochote, na wako wenye vidonda vilivyoletwa na dawa za maumivu kama diklofenaki au aspirini bila bakteria kuhusika.

Bakteria mwenyewe na safari ya ukuta wa tumbo

Mwaka 1979 Robin Warren, mpatholojia (daktari anayechunguza vinyama vya mwili kwa hadubini) wa mji wa Perth huko Australia, aliona kwa hadubini vijidudu vilivyopinda vikiwa vimekaa juu ya utando wa tumbo, mahali ambapo wakati ule ilidhaniwa kwamba asidi haiwezi kuruhusu bakteria kuishi. Barry Marshall alijiunga naye mwaka 1981, na mwaka uliofuata wakafanikiwa kuwaotesha baada ya sahani za maabara kuachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yenye bakteria hao, akaugua, na vinyama vilivyokatwa tumboni mwake vikaonyesha kwamba ukuta umevimba. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla ya hapo, mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshamweka H. pylori katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Anaishi vipi kwenye asidi? Anacho kimeng'enya kiitwacho urease, ambacho huivunja urea na kutoa amonia na hewa ya ukaa. Amonia hupoza makali ya asidi iliyomzunguka, naye hujichimbia ndani ya ute akakaribia seli za ukuta. Msomaji akikumbuke kimeng'enya hicho, kwa kuwa vipimo viwili kati ya vile tutakavyovilinganisha hukitegemea.

Mabadiliko ya ukuta huja polepole mno, na aliyeyapanga katika hatua zinazofahamika leo ni Pelayo Correa, mpatholojia mzaliwa wa Kolombia, aliyeanza kueleza mfuatano huo mwaka 1975. Kwanza huja uvimbe wa kudumu ambao daktari huuita gastritisi, na ambao mgonjwa mara nyingi huelezwa kuwa ni «michubuko». Karibu kila mwenye bakteria huyu anao, hata kama hasikii maumivu. Kwa baadhi ya watu, baada ya miaka mingi, tezi zinazotengeneza asidi hupungua na ukuta ukawa mwembamba. Hiyo ni atrofia. Kwa wachache zaidi, seli za tumbo huacha kufanana na seli za tumbo, zikaanza kufanana na za utumbo, pamoja na zile seli zenye umbo la kikombe zinazohifadhi ute na ambazo kwa kawaida hazionekani kabisa tumboni. Hiyo huitwa metaplasia ya utumbo. Baadaye huweza kufuata displasia, ambapo seli hupoteza mpangilio na umbo, na mwisho wa njia ni saratani. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 100 wenye bakteria, 1 hadi 3 ndio hufika huko katika maisha yao yote. Wengine husimama njiani, na wengi hawasogei hatua ya kwanza hata wakazeeka.

Mahali uvimbe ulipokaa nako kuna maana kubwa. Uvimbe ukikaa zaidi sehemu ya chini ya tumbo, karibu na mlango wa kutokea chakula, asidi huongezeka, na mtu huyo huelekea kupata kidonda cha duodeni, yaani ule mwanzo wa utumbo mdogo. Ukienea sehemu kubwa ya juu, ambako ndiko tezi za asidi ziliko, asidi hupungua, na hiyo ndiyo njia inayoelekea atrofia na saratani. Utafiti wa Kijapani uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia watu 1,526 kwa wastani wa miaka 7.8, kati ya 1,246 waliokuwa na bakteria, 36 walipata saratani ya tumbo, na kati ya 280 wasiokuwa naye hakupatikana hata mmoja. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba wale waliokuwa na vidonda vya duodeni nao hawakupata saratani hiyo, ingawa bakteria walikuwa naye. Ndiyo maana neno «chanya» peke yake haliwezi kumwambia mgonjwa amesimama wapi.

Damu: rahisi, na ndiyo inayopotosha zaidi

Kipimo cha damu kinachopatikana kwa wingi ni kile cha haraka: tone kutoka kwenye kidole au damu ya mshipa huwekwa kwenye kipande cha plastiki, na kwa dakika chache mistari miwili au mmoja hujitokeza. Hakihitaji mashine, hakihitaji kufunga kula, na bei yake ndiyo ya chini kuliko vyote. Kinachotafutwa humo si bakteria bali ni kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulizitengeneza dhidi yake. Kingamwili hizo hubaki katika damu kwa miezi mingi baada ya bakteria kumalizwa, na kwa baadhi ya watu hubaki kwa miaka.

Katika nchi ambako watu wengi huambukizwa utotoni, kupitia maji, vyombo na kuishi wengi katika chumba kimoja, kumpata mtu mzima mwenye kingamwili ni jambo la kawaida. Chanya yake huweza kuwa ya maambukizi yaliyomo, huweza kuwa ya maambukizi yaliyokwisha kwa antibiotiki alizowahi kuzimeza kwa ugonjwa mwingine, na huweza kuwa ya bakteria wengine waliofanana naye kidogo. Kwa sababu hiyo kutumia kipimo cha damu kuangalia kama dozi imefanya kazi ni kosa, wala silisemi hilo kwa upole, kwa kuwa nimeona wagonjwa waliorudia dawa hadi matumbo yao yakaharibika kwa antibiotiki zenyewe. Dozi isiyo ya lazima humletea mtu kuhara na kutapika leo, na humletea usugu wa bakteria kesho atakapoihitaji dawa kwa kweli.

Hata hivyo damu ina mahali pake padogo. Mgonjwa aliyekuja anatapika damu, au asiyeweza kuacha dawa za kupunguza asidi, au ambaye tumbo lake limeingia atrofia kubwa, anaweza kupimwa kwa vipimo vingine vyote na bakteria asionekane ilhali yumo. Kwa mtu kama huyo, ambaye hajawahi kutibiwa H. pylori, kingamwili zilizopimwa katika maabara kamili humpa daktari kidokezo ambacho vipimo vingine vimekinyima. Hicho ni kisa cha hospitali, na hakihalalishi kipimo cha dirishani kwa kila mwenye kiungulia.

Choo na pumzi: ndugu wawili wanaojibu swali moja

Vipimo hivi viwili nitaviweka pamoja kwa sababu vyote humtafuta bakteria aliye hai leo, vyote havimuumizi mtu, na usahihi wao, vikifanywa inavyopaswa, unakaribiana.

Kipimo cha choo hutafuta antijeni, yaani vipande vya mwili wa bakteria wenyewe vinavyotoka pamoja na choo kikubwa. Ubora wake unategemea aina: kile cha maabara kinachotumia kingamwili za aina moja tu ni cha kutegemewa, ilhali baadhi ya vile vya kipande cha haraka hupungukiwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza anapimwa kwa kipi. Sampuli iwe mbichi, na kama haitapimwa upesi ihifadhiwe kwenye baridi ya jokofu. Choo cha majimaji cha mtu anayeharisha hupunguza uwezo wa kipimo kumwona bakteria. Wapo wanaoona haya kubeba kikopo cha choo ndani ya daladala au matatu, na haya hiyo huwarudisha kwenye damu, jambo ambalo ni hasara, kwa kuwa kikopo kile kidogo ndicho kinachowapa jibu la kweli kwa bei ambayo si kubwa sana.

Kipimo cha pumzi ni kizuri kukitazama. Mgonjwa aliyefunga kula kwa saa kadhaa hupuliza kwanza kwenye kimfuko au kichupa, kisha hunywa kinywaji chenye urea iliyotiwa alama ya kaboni, halafu hukaa ametulia kama nusu saa na kupuliza mara ya pili. Kama bakteria yumo, urease yake huivunja ile urea, kaboni yenye alama huingia katika hewa ya ukaa, hupita kwenye damu, ikafika mapafuni na kutoka na pumzi, na mashine huihesabu tofauti ya mipulizo miwili. Kama hayumo, urea hupita bila kuguswa na mipulizo hufanana. Kuna kaboni-13, ambayo haina mionzi na inafaa hata kwa watoto na wajawazito, na kuna kaboni-14, yenye mionzi kidogo sana, ambayo watu hao hawapewi. Katika watu 100 wenye bakteria, kipimo hiki humwona kwa zaidi ya 95.

Basi mtu achague kipi? Kwa usahihi, pumzi iko mbele kidogo. Kwa upatikanaji, choo kiko mbele sana. Mashine za pumzi katika Afrika Mashariki ziko zaidi katika miji mikubwa na hospitali binafsi, na gharama yake hupita ya choo. Mtu wa Bukoba au Lodwar akiambiwa asafiri kutwa nzima kutafuta pumzi wakati maabara ya karibu ina kipimo cha choo cha kuaminika, sioni faida ya nauli hiyo. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kupuliza kwa kufuata maelekezo, choo kinashinda bila ubishi. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu ya tumbo, choo nacho ni bora, kwa kuwa kinywaji cha urea hupita upesi mno na kipimo cha pumzi hukosa muda wa kufanya kazi.

Vyote viwili vina adui mmoja: dawa. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, na ndugu zake, yaani esomeprazoli, pantoprazoli na wengineo, humdhoofisha bakteria na kumfanya apungue hadi kipimo kikose kumwona. Zinapaswa kuachwa wiki 2 kabla ya kupima. Antibiotiki na dawa zenye bismuthi ziachwe wiki 4. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu mgonjwa humeza omeprazoli asubuhi kama anavyopiga mswaki, haihesabu kuwa ni dawa, na akiulizwa kama anatumia chochote atajibu «situmii kitu». Ninapopokea sampuli huuliza kwa jina: «Omeprazoli je? Ile ya kopo jeupe?» Mara nyingi huitikia kwa kichwa. Maumivu yakimzidi katika wiki hizo mbili, dawa za maji au za kutafuna zinazotuliza asidi kwa muda mfupi humsitiri bila kuharibu sana majibu, ila aziulizie kwa daktari wake kwanza.

Kamera na kinyama: pale swali la pili linapojibiwa

Endoskopi ya tumbo ndiyo inayoogopwa zaidi, na hofu nyingi hutokana na simulizi za waliofanyiwa. Mgonjwa hufunga kula, hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, mara nyingine hupewa dawa ya kumsinzisha, kisha mpira mwembamba kama kidole kidogo wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi tumboni na mwanzo wa utumbo mdogo. Kazi yenyewe kwa kawaida ni ya dakika chache. Haipendezi, lakini haiumi kama watu wanavyodhani, na hatari zake ni chache mkononi mwa aliyezoea.

Kupitia tundu la mpira huo hupitishwa koleo dogo linalochuna kinyama chenye ukubwa wa punje ya mchele, na kinyama hicho kina njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka: hutumbukizwa kwenye jeli ya njano yenye urea, na kama bakteria yumo, amonia huigeuza jeli rangi. Nimewahi kuiona ikianza kubadilika kabla mgonjwa hajatoka kitandani, kwanza duara jembamba la waridi kuzunguka kinyama, kisha jeli nzima ikawa nyekundu kama maji ya rozela. Mara nyingine husubiriwa hadi saa 24. Ni nzuri, ni rahisi, lakini inajibu swali la kwanza tu, sawa na choo na pumzi, na huharibiwa na omeprazoli vilevile, na zaidi na damu ikiwa kidonda kinavuja.

Njia ya pili ni ile ya kichupa chenye formalini, maji ya kuhifadhi kinyama kisioze, ambayo humfikia mpatholojia. Huyu hukata kinyama vipande vyembamba sana, huvipaka rangi, na kusoma mambo ambayo hakuna kipimo kingine kinachoyasoma: bakteria wapo wengi au wachache, uvimbe ni mkali kiasi gani, tezi zimepungua, metaplasia ipo na imeenea wapi, displasia ipo au haipo. Hapa kuna jambo ambalo wagonjwa hawaelezwi vya kutosha. Metaplasia haitandazwi tumboni kama zulia. Hukaa madoamadoa kama kutu kwenye bati, kwa hiyo kinyama kimoja kilichochunwa popote huweza kukosa kila doa na kuleta majibu ya kufurahisha yasiyo ya kweli. Ndiyo sababu wapatholojia waliokutana Houston, Marekani, mwaka 1994 kuufanyia marekebisho mfumo wa kusoma vinyama vya tumbo uitwao wa Sydney walipendekeza vinyama vitano: viwili sehemu ya chini ya tumbo, kimoja kwenye kona ya ukingo mfupi, na viwili sehemu ya juu. Vya chini na vya juu viwekwe kwenye vichupa tofauti vilivyoandikwa, maana vikichanganywa katika kichupa kimoja, mpatholojia akiona metaplasia hatajua imekaa upande mmoja tu au imeenea tumbo zima, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atafuatiliwa au hatafuatiliwa.

Kuna kitendawili kimoja ndani ya kinyama ambacho hakiishi kunivutia. Bakteria huyu hupenda utando wa tumbo la kawaida. Ukuta ukishageuka kuwa wa mfano wa utumbo, na asidi ikishapungua, makao hayamfai tena, naye hupungua au hutoweka. Kwa hiyo mtu aliye mbali zaidi katika njia ile ya Correa ndiye ambaye choo na pumzi vinaweza kumwambia kwamba hana kitu. Mhalifu ameshaihama nyumba aliyoibomoa. Mtu wa umri mkubwa mwenye dalili za wasiwasi asiridhike na hasi ya choo peke yake.

Nani achague nini

Kijana wa miaka 28 mwenye maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja na kuondoka, asiyekonda, asiyetapika, asiye na damu pungufu, anafaa kuanza na choo au pumzi, atibiwe kama bakteria yumo, na apimwe tena baadaye. Kumpeleka moja kwa moja kwenye kamera ni gharama kubwa kwa faida ndogo.

Mtu anayekonda bila kukusudia, chakula kinachomkwama kooni au kifuani, anayetapika mfululizo, anayepata choo cheusi kama lami, mwenye upungufu wa damu usioelezeka, au mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya tumbo, huyo aende kwenye kamera, na asipotezewe muda na karatasi za damu wala dozi za kubahatisha. Umri nao ni kigezo: miongozo ya Marekani na Kanada ya mwaka 2017 iliweka miaka 60 kuwa umri ambao mtu mwenye dalili mpya za tumbo apewe endoskopi hata bila dalili za hatari. Kwetu naona umri huo ni mkubwa kwa maeneo fulani, maana saratani ya tumbo katika ukanda huu imekuwa ikionekana zaidi kwenye nyanda za juu za Rwanda, Burundi, kusini magharibi mwa Uganda, Kivu na Kilimanjaro kuliko sehemu nyingine nyingi. Daktari wa huko anayemwita kwenye kamera mgonjwa wa miaka 45 hafanyi pupa.

Wako wanaotaja kwamba Afrika ina bakteria wengi na saratani chache, fumbo ambalo limeandikwa tangu miaka ya 1990, wakahitimisha kwamba hakuna haja ya kusumbuka. Hoja hiyo ina upande wa kweli, kwa kuwa aina ya bakteria, vinasaba na chakula hutofautiana, lakini mahali ambapo kamera ni chache na wengi hufa bila kujulikana waliugua nini, idadi ndogo ya saratani iliyoandikwa haitoshi kumtuliza mgonjwa aliyekaa mbele yako.

Uharaka wa kumtibu mapema unaonekana pia katika utafiti uliofanywa jimbo la Fujian, China, na kuchapishwa mwaka 2004. Watu 1,630 wenye bakteria waligawanywa, nusu wakatibiwa na nusu wakapewa dawa bandia, wakafuatiliwa miaka 7.5. Kwa jumla tofauti ya saratani haikuwa ya kutosha kuthibitisha lolote: 7 kwa 11. Lakini walipotazamwa wale ambao mwanzoni hawakuwa na atrofia, metaplasia wala displasia, waliotibiwa hawakupata saratani hata mmoja, na wasiotibiwa walipata 6. Isidhaniwe kwamba aliyechelewa hana la kufanya. Utafiti wa Korea Kusini wa mwaka 2018 ulihusu watu waliokuwa wameshaondolewa kwa endoskopi saratani changa ya tumbo, au uvimbe uliokaribia kuwa saratani. Saratani mpya ilitokea kwa 7.2 kati ya 100 waliotibiwa bakteria, na kwa 13.4 kati ya 100 waliopewa dawa bandia.

Baada ya dozi

Mchanganyiko unaopendekezwa zaidi leo pale ambapo usugu haujapimwa ni ule wa dawa nne kwa siku 14: ya kupunguza asidi, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli. Ule wa zamani wa dawa tatu wenye antibiotiki ya klarithromisini umepoteza nguvu katika nchi nyingi, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtaja H. pylori sugu kwa klarithromisini katika orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya. Kwa upande wa raha, dawa tatu zinashinda, kwa kuwa vidonge vyake ni vichache, ilhali dawa nne ni vidonge vingi kwa siku na choo hugeuka cheusi kwa sababu ya bismuthi, jambo linalomtisha asiyeambiwa mapema. Kwa upande wa kumaliza kazi, nisingebadilishana.

Kipimo cha kuthibitisha kifanywe wiki 4 au zaidi baada ya kidonge cha mwisho cha antibiotiki, omeprazoli ikiwa imeachwa wiki 2, na kiwe cha choo au cha pumzi. Mama yule wa karatasi nne nilimpa kikopo na tarehe ya kurudi, nikamwandikia kwenye kipande cha bahasha majina ya dawa za kuacha. Alirudi baada ya wiki tatu. Majibu ya choo yalikuwa hasi. Aliyatazama kwa mashaka, akaniuliza kama ile mistari ya damu itaondoka lini, nikamwambia huenda ikakaa naye miaka, na kwamba asiipime tena.

Kwa aliyekutwa na atrofia au metaplasia iliyoenea hadi sehemu ya juu ya tumbo, hasi ya choo haifungi faili. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 inataka arudiwe kwa kamera kila baada ya miaka 3, na mapema zaidi kama ana ndugu wa karibu aliyepata saratani ya tumbo. Yule ambaye metaplasia yake iko sehemu ya chini tu na hana historia hiyo, kwa kawaida hahitaji ratiba hiyo. Kwa hiyo anayekwenda kukatwa kinyama aulize kabla ya kulala kitandani vitachukuliwa vinyama vingapi na kutoka wapi, na akishapata majibu aiombe nakala ya ripoti ya mpatholojia, ile ndefu yenye maelezo ya kila kichupa, kwa maana miaka mitatu baadaye daktari mwingine, pengine katika mji mwingine, ataihitaji ili ajue koleo alielekeze wapi.